Ukimya wa Wasimoni

Al Rayyan, Doha
Ijumaa, 7 Machi 2025

Mwanangu mpendwa Trevor,

Tumsifu Yesu Kristo! Najua umeitikia huko uliko, hata kama sikusikii. U hali gani, baba? Kile kifua kimekuacha? Shangazi yako Miriam aliniambia ulikohoa Januari nzima na ukakataa limau, eti limau ni dawa ya wazee. Mimi huku ni mzima, ila magoti tu, na magoti ya mlinzi hayana sikukuu. Joto bado halijaanza kutukaanga.

Sasa nikwambie kilichonifanya ninunue karatasi na kalamu. Ule ujumbe wako wa mwisho kabla hujasalimisha simu ulinikuta zamuni, pale mlangoni kwa jengo letu, mtaa wa The Pearl. Niliusoma nikacheka peke yangu. Faridah, yule mama Mganda ninayelinda naye, akaniuliza, "Ssebo, umeshinda bahati nasibu?" Ssebo kwao ni bwana. Nikamwambia, zaidi ya hiyo. Kijana wangu amepokewa katika Udugu wa Simoni. Akasema, "Mimi sijui huyo Simoni, lakini leo utaninunulia chai jua likizama."

Nick, huyo Kaka Mkuu wenu, labda amekwisha kuwasimulia mwanzo wa udugu. Hata hivyo niache nikusimulie vile nilivyosikia kwa bibi yako, maana yeye ndiye aliyekuwa na sufuria ya uji siku walipofika.

Zamani hizo chuo chenu kilikuwa cha ualimu, na wenyewe walikuwa watu wa dhehebu lingine. Wakatoliki walikuwa vijana wachache sana. Wakaomba ruhusa waende Misa Jumapili, wakanyimwa. Wakaomba tena. Mkuu wa chuo akawaambia, haya nendeni, lakini gari la chuo halitawapeleka na chakula cha mchana hakitawangoja. Basi wakaja kwetu misheni kwa miguu, kupitia vile vilima vya mawe. Mmoja wao mguu wake ulikuwa umekauka kwa polio. Wenzake hawakumwambia, "Wewe baki, tutakuombea." Walimbeba mgongoni kwa zamu, kwenda na kurudi. Ilikuwa Kwaresima. Walipoingia kanisani watu walikuwa kwenye Njia ya Msalaba, kituo cha tano, pale Simoni wa Kirene anapomsaidia Bwana kubeba. Padri wetu, Mholanzi mzee, akasimamisha sala, akageuka, akasema, "Basi, Simoni mwenyewe amefika." Jina likashika hapo hapo.

Ndiyo maana neno lenu ni lile moja, Beba Mwenzako. Na ndiyo maana kila mwaka, kabla ya Jumapili ya Matawi, Wasimoni huja misheni kwa miguu, na wakifika, wakubwa hupiga magoti kuwaosha miguu wale wapya. Miaka yangu ya ukatekista mimi ndiye niliyekuwa nikichota yale maji na kuyatia chumvi kidogo kwa ajili ya malengelenge. Nimeona vijana waliokuja kuwa walimu wakuu na madaktari wakiosha vidole vya watoto wa maskini. Baadaye wakafungua mlango kwa wote. Palikuwa na Mwislamu mmoja ambaye wakati wa Komunyo alikaa nje akilinda mizigo ya wenzake, na kurudi alibeba zaidi ya wote.

Mimi niliishia darasa la saba, unajua. Ule mshipi mwekundu wa udugu niliufua tu, nikaupiga pasi, nikaukunja, nikawarudishia wenyewe. Sasa utafungwa kiunoni mwako. Marehemu mama yako Phyllis angepiga vigelegele mpaka kuku wakimbie.

Umesema Kwaresima yote hamna simu, na barua zitapita kwa Nick: za kwako azipige picha anitumie, za kwangu azichapishe akupe. Watu wa leo wangelalamika. Mimi hapana. Masista wa misheni kwetu barua zao zilisomwa na Mama Mkuu, na hawakupungukiwa na kitu. Mpe Nick salamu zangu, mwambie namshukuru kwa kazi hiyo.

Niandikie unavyoendelea. Usile viporo.

Baba yako,
Augustine


Chuoni
17 Machi 2025

Kwako baba mpendwa,

Milele na milele, amina. Haya, nimeitikia. Hujambo? Magoti je? Jaribu kukaa kidogo zamuni, si hiyo kampuni iliwaletea viti? Mimi kifua kimepona kabisa, mwambie shangazi limau zake aweke kwa chai.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Ile ya polio hatukuwa tumeambiwa. Hapa tunaambiwa tu waasisi walikuwa wanaume kweli kweli. Nilipowasimulia wenzangu, Arnold akasema, "Kumbe udugu ulianzishwa na mtu asiyeweza kutembea, na sisi tunafukuzwa mbio hivi?" Tukacheka mpaka tukaitwa mbele.

Arnold ndiye tunalala chumba kimoja. Anatoka upande wa Nandi, mrefu kama nguzo ya stima, mama yake anaitwa Jebet na ni mkulima wa chai. Ananiita Mtoto wa Katekista. Nikikosea kitu anapiga ishara ya msalaba anasema, "Na hii nayo umefundishwa nyumbani?"

Tizi ni ya nguvu, baba. Kila Jumamosi tunabebana mgongoni uwanjani tukiruka kichurachura, aliyebeba na aliyebebwa, ndiyo sisi tunaitwa Beba Mwenzako. Na Jumamosi hiyo ni siku ya kiu. Hatunywi maji tangu asubuhi mpaka jua lizame, kukumbuka kiu ya Bwana pale msalabani. Wakubwa wanatuangalia. Arnold ndiye wanampenda zaidi kwa sababu ya urefu, wanasema mnyama mkubwa abebe mzigo mkubwa. Juzi aliniambia eti hata mkojo wake umegeuka strungi, chai isiyo na maziwa. Tukacheka sana.

Sasa baba, nina swali la dini. Mtu akiweka nadhiri mbele ya altare kwamba mambo ya udugu hayatoki nje, je, hiyo nadhiri inamfunga vile muhuri wa kitubio unamfunga padri? Hata akiulizwa na mtu mwema? Kwa mfano nesi wa zahanati ya chuo. Ni mfano tu. Kaka Nick anasema inamfunga. Nikamwambia nitamuuliza baba yangu, yeye ndiye alinifundisha katekisimu. Akasema sawa, muulize mzee, tutafuata jibu lake.

Kwa hivyo nangoja. Usichelewe, tafadhali.

Mwanao,
Trevor


Al Rayyan, Doha
24 Machi 2025

Mwanangu Trevor,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Arnold wako. Mimi nashukuru Mungu. Viti tuliletewa, lakini mgeni wa jengo akipita ni lazima usimame, na wageni hawaishi. Kwa hiyo kiti kinakaa, mimi nasimama.

Swali lako limenipa furaha ambayo sijaipata tangu nije huku. Miaka mingi sasa hakuna anayeniuliza kitu cha imani. Watu huniuliza lifti iko wapi. Nilitembea nalo siku nzima, nikalipeleka mpaka kwenye Misa ya Ijumaa, nikarudi nalo.

Nakujibu hivi. Muhuri wa kitubio ni wa padri peke yake, huo ni mwingine. Lakini nadhiri ni nadhiri. Maandiko yanatuonya kwamba ni heri kutoahidi kuliko kuahidi na kurudi nyuma. Ukiisema mbele ya altare, umemwambia Mungu. Nesi ni mtu mwema, sikatai, lakini wema wake hauvunji nadhiri yako. Ukimya ni shule, Trevor. Mimi nimelinda milango ya watu kwa miaka, nimeona na kusikia mengi, na sijapeleka neno la mtu nje. Ndiyo heshima niliyo nayo.

Kuhusu kiu, usiogope. Huku sasa wenzetu wako katika Ramadhani. Faridah anasimama nami mchana kutwa bila tone la maji, na bado ana nguvu za kunitania. Jana aliniambia, "Nyinyi Wakristo mnafunga nyama halafu mnakula samaki mkubwa kuliko mbuzi." Hakuna aliyekufa kwa kufunga. Mwambie Arnold avumilie, na huo mkojo ni wa mtu ambaye hajanywa maji tu, akinywa jioni utasafika.

Mwonyeshe Nick barua hii. Mwambie nimefurahi kwamba siku hizi bado kuna vijana wanaojua uzito wa neno.

Baba yako akupendaye,
Augustine


Chuoni
6 Aprili 2025

Baba,

Shikamoo. Natumai uko salama. Mimi niko salama.

Barua yako nilimpa Kaka Nick. Aliisoma mbele ya wote baada ya sala ya jioni, na amebandika ile sehemu ya nadhiri kwenye mlango wa chumba cha mikutano. Sasa wananiita Katekista kabisa.

Kuna mtu alikuwa anataka kwenda kwa nesi, miguu yake imevimba kidogo. Hakwenda tena. Jumamosi hii inayokuja ndiyo matembezi ya kuja misheni. Arnold hanitanii siku hizi, analala sana.

Asante kwa jibu lako.

Mwanao,
Trevor


Al Rayyan, Doha
Alhamisi, 10 Aprili 2025

Trevor mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Leo sitakuuliza habari nyingi. Nakuuliza moja: Arnold anaendeleaje? Ni yeye mwenye miguu iliyovimba?

Barua yako ya mwisho ilinikaa vibaya. Wewe huandika kama mtu anayeongea, na hii imeandikwa kama ya ofisini. Jana zamuni nilimkuta Faridah anakunywa maji. Ramadhani imeisha, lakini alikuwa amenuia zile siku sita za nyongeza, kwa hiyo nikamtania.

"Leo umemsaliti Mungu?"

"Tumbo linaniuma tangu alfajiri."

"Nikadhani mfungaji hatikisiki."

Akaniangalia hivi. "Ssebo, nani alikwambia mgonjwa hufunga? Kwetu mgonjwa anakula. Msafiri anakula. Mama mwenye mimba anakula. Mungu hatafuti maiti. Kwenu si hivyo?"

Nikamwambia hata kwetu ni hivyo. Nimelifundisha jambo hilo mwenyewe, kwa watoto wa Komunyo ya kwanza, na bado sikuliona nilipokuwa nikikuandikia.

Nilipotoka zamuni nilipanda basi mpaka Fereej Bin Mahmoud kwa dada Ann, yule nesi wa jumuiya yetu. Nikamsomea barua zako zote mbili. Alipofika kwenye ule mkojo akanipokonya simu, akasoma mwenyewe. Akasema, "Mzee, hii si rangi ya kiu. Misuli ikivunjika kwa mazoezi na hakuna maji mwilini, figo ndizo zinazoumia. Huyu kijana anatakiwa hospitali, na daktari aambiwe amefanyiwa nini. Asipoambiwa atamtibu kitu kingine."

Kwa hiyo nisikilize, na wewe Nick usikilize pia, kwa sababu najua wewe ndiye unayeisoma barua hii kwanza, kijana wangu. Nadhiri haiwekwi juu ya mwili wa mtu mwingine. Ukimya ambao unaacha mtu aumie si wa Mungu. Nilichoandika nimekifuta. Kitoeni mlangoni. Arnold asitembee Jumamosi, apelekwe hospitali leo, na Trevor, wewe mwenyewe umwambie daktari kila kitu. Kila kitu. Kama kuna dhambi hapo nitaibeba mimi.

Nimepiga simu ofisi ya chuo, mama aliyepokea akasema wanaohusika wako semina, nipige Jumatatu. Nimepiga tena, haikupokelewa. Shangazi yako Miriam anatafuta nauli aje.

Nijibu leo. Mtu yeyote anijibu.

Baba yako,
Augustine


Hospitalini
17 Aprili 2025, Alhamisi Kuu

Baba,

Hii naandika kwa simu yangu. Nimeichukua mwenyewe kwa nguvu kutoka kwa kabati la Nick. Mimi ni mzima. Arnold si mzima. Amewekwa kwa mashine ya kusafisha damu.

Nitakueleza yote halafu tafadhali usinipigie, siwezi kuongea.

Jumamosi tulitoka asubuhi. Arnold alikuwa amevimba mpaka viatu havikuingia, akavaa patipati. Nilimwambia abaki, akasema akibaki atarudia mwaka wote upya. Maji hakuna, ilikuwa siku ya kiu. Kwa vile vilima akakaa chini. Akaniambia, "Mtoto wa Katekista, mimi nimefika." Nikadhani ananitania kama zamani. Halafu akalala.

Sasa baba, pale sokoni chini ya vilima kuna kituo cha afya. Unakijua. Tulikipita. Tulimbeba Arnold mgongoni kwa zamu, tukiimba, tukakipita, kwa sababu Nick alisema hivi ndivyo waasisi walifanya, Msimoni habebwi mpaka nusu ya njia, anabebwa mpaka altareni. Na mimi nilimbeba. Nilikuwa na ile hadithi yako kichwani, ya kijana wa polio. Nilijiona ninafanya kitu kizuri. Alikuwa ananipumulia shingoni.

Tulipofika kanisani wakamkalisha kwa kiti wakaanza kumwosha miguu. Nick alipomshika, vidole vyake vikaacha mashimo kwa nyama. Mama mmoja wa misheni aliyekuwa anatugawia uji akaona, akaangusha kikombe. "Mtoto anakufa na nyinyi mnamwosha miguu? Nyinyi ni watu wa aina gani?" Yeye ndiye alikimbia kutafuta gari.

Hapa daktari aliuliza alikuwa anafanya nini. Nick akasema alianguka akicheza mpira, na ana malaria. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na daktari. Alikuwa mtu mwema, aliniangalia mimi akaniuliza, "Ni hivyo?" Nikakumbuka maneno yako, wema wake hauvunji nadhiri yako. Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

Nilisema kesho yake, baada ya Misa ya Matawi. Daktari hakunigombeza. Alisema tu wamemdunga sindano za maumivu ambazo hawangemdunga kama wangejua. Halafu akaenda haraka.

Mama yake amekuja. Anakaa nje ya mlango na kikapu, ameleta maziwa lala, na Arnold haruhusiwi kuyanywa. Ananiita rafiki ya mwanangu.

Wewe ulisema nimwambie Arnold avumilie. Nikamwambia.

Trevor


Al Rayyan, Doha
Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili 2025

Mwanangu Trevor,

Kristo amefufuka. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo tunavyosalimiana leo. Wewe ukipenda usiitikie. Umekula? Unalala wapi? Arnold amefumbua macho?

Umeniomba nisipige. Nimejaribu kutii, nikashindwa, nikapiga. Inaita mpaka inakata.

Nakutumia chini ya hii picha ya barua niliyokuandikia Alhamisi ile, siku mbili kabla ya matembezi. Naona hukuipata. Kwangu zile alama mbili za ujumbe zilikuwa buluu jioni ile ile, kwa hiyo nilijua imesomwa, nikalala nikidhani imefika. Sikutumii ili nijitakase. Nataka tu ujue kwamba yapo maneno mengine niliyoandika, mbali na yale ya mlangoni.

Nimemwendea mudir, yaani meneja wa kampuni, kuomba ruhusa nije. Nilimweleza kila kitu kwa Kiingereza changu cha getini. Alinisikiliza vizuri, akaniagizia chai. Akauliza, "Mgonjwa ni mwanao?" Nikasema si mwanangu, ni rafiki wa mwanangu. Akasema ruhusa ya dharura ni ya mzazi, mke au mtoto, mimi nisubiri mpaka aje mtu wa kushika nafasi yangu. Lini? "Bukra, inshallah." Bukra ni kesho, lakini siyo kesho ile unayoijua. Faridah amesema atashika zamu zangu zote pamoja na zake. Wamekataa.

Kwa hiyo nimebaki nafungua mlango na kufunga mlango. Watu wanapita na mbwa wao wadogo, wananiambia habari za asubuhi, nami naitikia. Mtoto wa watu amelala kwa mashine.

Mwambie mama Jebet kwamba kuna mtu Doha anayesali. Hapana, usimwambie. Atauliza ni nani.

Shangazi Miriam alifika chuoni Jumatatu ile, akaambiwa mko matembezini bado. Sasa anakuja hospitalini. Mpokee. Hatakuuliza chochote, nimemkataza.

Niandikie hata kama ni kunitukana.

Baba yako,
Augustine


Al Rayyan, Doha
Ijumaa, 16 Mei 2025

Mwanangu mpendwa Trevor,

Tumsifu Yesu Kristo. Ni salamu niliyokuzoesha, nami sina nyingine. Hujambo, baba? Uko mzima? Popote ulipo, una blanketi? Mimi mwili ni mzima. Joto sasa limeanza, mpini wa mlango unaunguza mkono.

Shangazi yako alinipigia baada ya maziko ya Arnold. Alikuwa amesimama nyuma ya watu, akanieleza yote kwa sauti ya chini kama mtu aliye kanisani. Amesema wenzenu walikuja wote na mishipi myekundu, wakabeba jeneza mabegani, wakaimba ule wimbo wenu, na watu wa huko wakasema, ama kweli udugu huu una upendo. Amesema Nick alisoma salamu za rambirambi akalia, na analia kweli, haigizi. Amesema wewe ulikuwa peke yako kando ya ua wa miti, bila mshipi. Kisha mama Jebet akauliza mbele ya watu, "Yule Trevor aliyelala naye chumba kimoja ni yupi?" Ukatoka. Akakushika mkono muda mrefu. Alichokwambia mama huyo, shangazi hakukisikia. Alikuona ukiondoka kupitia mashamba ya chai, naye akadhani unakwenda kujisaidia.

Tangu hapo hakuna aliyekuona. Chuoni kitanda chako ni kitupu. Simu haiiti tena, inasema tu mteja hapatikani. Uchunguzi wa chuo unakutafuta uje kueleza, maana ni wewe peke yako uliyemwambia daktari ukweli, na wale wengine bado wanasema ni mpira. Sikwambii urudi kwa ajili yao. Sikwambii lolote kuhusu hilo. Mudir amenipa tarehe, ni ya Agosti. Agosti iko mbali sana.

Leo Misani padri alikaribisha watu kwa kitubio, nikaingia kwenye foleni. Ilipofika zamu yangu nikamwambia aliye nyuma yangu apite. Na wa nyuma yake. Mwisho nikabaki nimesimama, padri akazima taa. Dada Ann alinikuta nje akanishika kiwiko, akanipeleka kituo cha basi kama mzee asiyeona.

Trevor, nataka kukwambia jambo moja, halafu nimemaliza. Uliponiandikia lile swali, nilikuwa na jibu kabla sijaifikia sahihi yako. Nilifurahi kuulizwa. Uliandika kwamba ni mfano tu, nami nikaamini, mimi niliyekulea, nisijue kwamba wewe hujawahi kuuliza mfano maishani mwako. Jina la Arnold lilikuwa pale. Hukunificha. Kitu ambacho ningekuuliza ni kidogo sana: ni nani anayeumwa? Ungeniambia hata mbele ya Nick, nakujua. Sikukuuliza. Nilikufundisha.

Wewe hukumuua mtu. Ulimtii baba yako. Kama lazima uchukie, nichukie mimi, kwa kuwa mimi niko mbali na siwezi kukudhuru tena. Lakini usijichukie mwenyewe ukiwa peke yako mahali ambapo hakuna mtu wa kukupa maji.

Sina ushauri. Shangazi ameacha mlango wa jikoni bila komeo. Barua hii nimeituma kwa simu yako, na nyingine nimeituma kwa Miriam aiweke mezani, na nyingine kwa ofisi ya paroko. Ukiiona mojawapo, niandikie tu kwamba uko hai na umekula. Huhitaji kunisalimu.

Nijibu upesi, mwanangu.

Baba yako,
Augustine